Mzigo Unapolala: TAZARA, Mbolea ya Zambia na Maana ya Ucheleweshaji, 1973–1979

Ikisiri

Masimulizi mengi ya historia ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA) hufikia kilele pale reli ilipokamilika na kukabidhiwa mwaka 1976. Makala haya yanaanzia pale masimulizi hayo yanapoishia. Yanachunguza sababu zilizoifanya Zambia, miaka miwili tu baada ya makabidhiano hayo, irudi kwenye njia ya kusini iliyoifunga kwa hiari yake. Hoja kuu ni kwamba ucheleweshaji wa shehena hupimwa kwa kalenda ya mzigo wenyewe kabla ya kupimwa kwa saa ya treni. Ili kuijenga hoja hiyo, makala yanatofautisha dhana tatu ambazo Kiswahili cha bandarini na stesheni kimezizoea: kuchelewa, kukwama na kulala.

1. Utangulizi

Katika lugha ya wasafirishaji, mzigo huweza kuchelewa, kukwama au kulala. Maneno haya hutumiwa kwa kubadilishana katika mazungumzo ya kawaida, lakini hapa tunayatenga kwa maana mahsusi. Mzigo unaochelewa umo safarini, ila mwendo wake ni wa polepole kuliko ilivyopangwa. Mzigo uliokwama umesimamishwa na kizuizi kinachoonekana, kama vile daraja lililovunjika au tuta lililochukuliwa na maji. Mzigo uliolala haujaondoka kabisa; umo ghalani au kwenye gati, ukisubiri behewa ambalo halijarudi.

Tofauti hii ina uzito kwa mwanahistoria. Kukwama huacha kumbukumbu, kwa kuwa huwa na tarehe, mahali na picha. Kulala hakuna tukio, na kwa hiyo ni rahisi kusahauliwa. Hata hivyo, kama tutakavyoonyesha, kulala kwa mizigo ndiko kulikoilazimisha Zambia kubadili sera yake mwaka 1978, mwaka mzima kabla ya daraja lolote la TAZARA kulipuliwa.

2. Njia zilizofungwa

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa nchi isiyopakana na bahari, yenye uchumi unaotegemea shaba, na yenye reli iliyoelekea kusini. Serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, reli hiyo iligeuka kuwa kamba mikononi mwa hasimu. Mafuta yalianza kuletwa kwa ndege na kwa malori kupitia barabara ya kaskazini kutoka Dar es Salaam, barabara ambayo wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi na matope. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968 na kupunguza adha hiyo. Lakini shaba haipiti kwenye bomba, wala mbolea na mahindi hayapiti humo.

Mkataba wa kujenga reli ulitiwa saini Beijing mwaka 1967 baina ya Tanzania, Zambia na China. Ujenzi ulianza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Ulihitaji kuvuka bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu kati ya Mlimba na Makambako, kipande ambacho peke yake kina mahandaki 18. Kazi ya kutandika reli ilikamilika mwaka 1975, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi huko Kapiri Mposhi. Wananchi waliiita Reli ya Uhuru, na jina hilo halikuwa pambo.

Wakati reli ikijengwa, njia nyingine zilikuwa zikizibwa. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wa Rhodesia na Zambia. Alipoufungua wiki chache baadaye, Rais Kenneth Kaunda alikataa kuitumia tena njia hiyo. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, iliyokuwa ikiipeleka shaba hadi bandari ya Lobito katika Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo TAZARA, iliyobuniwa iwe mlango wa ziada, ilijikuta karibu kuwa mlango pekee. Reli changa ilibeba mzigo wa reli tatu.

3. Namna mzigo ulivyolala

Reli ilisanifiwa kuweza kubeba tani milioni 2 kwa mwaka kwa kila upande. Kiwango hicho hakikufikiwa. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio unaostahili kuzingatiwa.

Kwanza, injini za dizeli zilizoletwa na reli zilielemewa na mlima wa Mlimba hadi Makambako. Zilipoharibika, vipuri vilitoka mbali na vilihitaji fedha za kigeni. Ilibidi kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo injini mpya kutoka Ujerumani Magharibi zilipoanza kuleta nafuu. Pili, mvua kubwa zilisababisha maporomoko ya udongo katika kipande hicho hicho cha milima. Tatu, bandari ya Dar es Salaam ilihudumia mizigo ya Tanzania yenyewe pamoja na ile ya majirani kadhaa, na meli zilisubiri nafasi ya kutia nanga gatini. Nne, na pengine muhimu zaidi, mabehewa hayakurudi kwa wakati. Behewa lililovuka Kapiri Mposhi na kuingia katika mtandao wa Reli za Zambia liliweza kukaa huko likisubiri kupakuliwa, ilhali mzigo mwingine ulikuwa ukilisubiri Dar es Salaam.

Hapa ndipo hesabu ya reli inapopotosha. Mtu akihesabu idadi ya mabehewa ataona kwamba reli ina vyombo vya kutosha. Akihesabu siku ambazo behewa moja hutumia kwenda, kupakuliwa, kupakiwa na kurudi, ataelewa kwamba mabehewa elfu moja yanayozunguka polepole ni sawa na mabehewa mia tano yanayozunguka haraka. Uhaba ulizaliwa na muda. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuulaumu mwingine: Zambia iliilalamikia bandari, na Tanzania ikalalamikia mabehewa yasiyorejeshwa. Lawama zote mbili zilikuwa na ukweli, na hakuna hata moja iliyohamisha gunia moja kutoka gatini.

4. Kalenda ya mbolea

Shaba inaweza kusubiri. Mmiliki wake atapata hasara ya riba na ya bei, na mwaka 1978 hasara hiyo haikuwa ndogo kwa nchi iliyopata sehemu kubwa kabisa ya fedha zake za kigeni kutokana na shaba. Lakini bamba la shaba lililolala miezi sita bado ni shaba.

Mbolea ina kalenda nyingine. Katika sehemu kubwa ya Zambia mvua huanza mwezi Novemba, na mahindi hupandwa mara tu ardhi inapolowa. Mbolea ya kupandia hutakiwa shambani wakati huo huo. Mbolea ya kukuzia hufuata wiki chache baadaye. Mkulima wa Jimbo la Kusini au la Kati humpasa aipate kabla mvua hazijaharibu barabara za vijijini. Mbolea inayofika Februari haijachelewa kwa miezi mitatu. Imechelewa kwa msimu mzima. Thamani yake kwa mavuno ya mwaka ule inakaribia sifuri, ingawa magunia yote yametimia na hati zote ziko sawa.

Mnamo Septemba 1978 shehena ya mbolea ya Zambia ilikuwa bado haijafika mashambani, na mvua zilikuwa zikikaribia. Tarehe 6 Oktoba 1978 Kaunda alitangaza kwamba Zambia itaifungua tena njia ya reli ya kusini. Mbolea ikaanza kuingia kupitia Afrika Kusini na Rhodesia, yaani kupitia mikono ya serikali zile zile ambazo Reli ya Uhuru ilijengwa ili kuzikwepa.

Gharama ya kisiasa ilionekana upesi. Zambia ilikuwa mwenyeji wa wapiganaji wa ZAPU wa Joshua Nkomo. Tarehe 19 Oktoba 1978, chini ya wiki mbili baada ya tangazo hilo, ndege za Rhodesia zilishambulia kambi ya Chikumbi karibu na Lusaka. Serikali iliyoshambuliwa haikuweza kuufunga tena mlango iliokuwa imeufungua punde, kwa sababu nyuma ya mlango huo kulikuwa na chakula cha mwaka uliofuata.

5. Kukwama kunakokumbukwa

Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, pamoja na daraja la barabara lililokuwa karibu nalo. Mwezi uliofuata, Rhodesia ikazuia mahindi yaliyokuwa yakipelekwa Zambia kwa njia ya kusini. Mantiki ya mashambulizi hayo ni bayana: kuikata njia moja ili utegemezi wa njia ya pili uwe kamili, kisha kuitumia ya pili kama silaha.

Tukio la Chambeshi limepata nafasi yake katika vitabu, na ni haki lipate. Lakini likisomwa peke yake huacha picha kwamba TAZARA ilishindwa kwa sababu ya hujuma. Mfuatano wa tarehe unakataa picha hiyo. Utegemezi ambao baruti za 1979 ziliutumia ulikuwa umeanza kurejea Oktoba 1978, na uliletwa na mabehewa yaliyokawia na magunia yaliyolala. Adui alilipua daraja. Ila mwanya alioupitia ulikuwa umefunguliwa na ratiba.

6. Hitimisho

Makala haya hayakusudii kuipunguzia TAZARA heshima yake. Bila reli hiyo, Zambia isingekuwa na namna ya kuendelea kuisusia njia ya kusini kwa miaka iliyoisusia. Tunachosisitiza ni kwamba historia ya uchukuzi katika ukanda wetu imeandikwa zaidi kwa tarehe za kuweka mawe ya msingi na kukata utepe, na kwa uchache mno kwa siku ambazo mizigo ilisubiri. Nchi isiyo na bahari, iwe Zambia, Uganda, Rwanda au Burundi, huijua reli ya jirani kwa siku hizo za kusubiri.

Maneno yetu matatu yanaweza kumsaidia mtafiti. Penye kuchelewa, achunguze injini na njia. Penye kukwama, achunguze mafuriko, vita na siasa. Penye kulala, afungue madaftari ya bandari, aulize behewa lilirudi lini, kisha auweke mzunguko huo kando ya kalenda ya mkulima. Uhuru wa kiuchumi wa Zambia ulijaribiwa kwenye Mto Chambeshi mwaka 1979, lakini kabla ya hapo ulikuwa umejaribiwa katika maghala ya Dar es Salaam, mahali ambapo hapakulipuka kitu.