Pasi Isiyofungua Mlango

Msomaji, huenda waidhani pasi kuwa ni ufunguo wa nchi iliyoitoa, na kwamba mwenye nayo akifika mlangoni hufunguliwa. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mwaka wa 1968 walikuwako hapa Kenya maelfu ya watu wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa na pasi halali za Uingereza, na Uingereza ikawafungia mlango.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, aliyezaliwa hapa na mzazi aliyezaliwa hapa alikuwa raia papo hapo. Waliosalia walipewa miaka 2 ya kuomba uraia. Wengi hawakuomba. Wako wawalaumuo hata leo, wakisema kuwa walitaka kuweka mguu mmoja huku na mmoja kule. Nadhani neno hilo ni jepesi mno, kwani Serikali iliyokuwa ikiondoka iliwaachia uraia wake, na si kosa mtu kuiamini hati aliyopewa.

Tena pana jambo la ajabu. Sheria ya Uingereza ya 1962 iliwazuia watu wa Jumuiya ya Madola kuingia watakavyo, lakini haikumgusa mwenye pasi iliyotolewa na Serikali ya London yenyewe. Zamani pasi za hapa zilitolewa na Gavana wa Koloni. Baada ya uhuru zikatolewa na ofisi ya Balozi wa Uingereza mjini Nairobi. Basi kuondoka kwa Gavana ndiko kulikowapa watu hao haki ya kuingia!

Mwaka wa 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria za kumtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na kumwekea mipaka katika biashara. Ndege za kwenda London zikajaa. Huko, Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka mswada Bungeni, nao ukawa sheria kwa siku 3 tu, tarehe 1 Machi, 1968. Tangu hapo ilibidi mwenye pasi, au mzazi wake, au babu au bibi yake, awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia huko. Sheria haikutaja rangi, wala haikuwa na haja ya kuitaja. Mtoto wa mlowezi wa Nakuru alikuwa na babu wa namna hiyo. Mtoto wa duka ambaye wazee wake walitoka Gujarat hakuwa naye. Huyu alitakiwa kungojea vocha, nazo zilikuwa 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa jamaa. Waliothubutu kwenda bila vocha, wengine walirushwa kwa ndege kutoka nchi hii hadi ile, wasipokelewe kokote.

Sheria ya 1971 ilimwongezea raia wa namna hiyo njia nyingine, nayo ni makazi: akiisha kukaa Uingereza miaka 5 na kuruhusiwa kudumu, alikuwa na haki ya kuingia. Utazame mzunguko huo. Haki ya kuingia hupatikana kwa kukaa, na hukai usipoingia.

Mwaka wa 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikata shauri kwamba watu hao walibaguliwa kwa rangi, na kwamba ubaguzi huo uliwavunjia utu. Ripoti yake haikutangazwa hadi 1994. Na ni mwaka wa 2003 ndipo waliosalia na pasi hizo, wasio na uraia mwingine, walipoweza kuomba uraia kamili wa Uingereza. Wengi wa waliopanga mistari mwaka wa 1968 walikuwa wamekwisha zeeka.