Bwawa la samaki (Kigali)

Birika la udongo lichimbwalo aghalabu katika mabonde ya Kigali, ambako, kwa kuwa mji u kwenye kimo cha mita 1,500 hivi na maji yake yana ubaridi, perege hukua polepole ilhali hakomi kuzaana. Jike huatamia mayai kinywani, na vifaranga wakisongamana, riziki huwapungukia wote, wakadumaa wangali saizi ya kiganja. Dawa mashuhuri ni kupandikiza madume matupu, kazi ihitajiyo macho makali, maana dume hutambulikana kwa tundu mbili chini ya tumbo, jike kwa tatu. Ama kumtia kambale ale vifaranga, sharti awe mdogo kuliko perege waliomtangulia, la sivyo atawamaliza. Kituo cha ufugaji wa samaki cha Kigembe, kusini mwa Rwanda, kiliasisiwa zama za Wabelgiji.