Uhai wa kina cha ardhi

Uhai wa kina cha ardhi ni jumla ya vijiumbe, hasa bakteria na arkea, vinavyoishi ndani ya miamba, maji ya chini ya ardhi na tope la sakafu za bahari, mbali na mwanga wa jua. Vingi hupata nishati kutokana na kemikali kama hidrojeni na salfati. Joto ni mpaka mmojawapo: hakuna kijiumbe kilichothibitishwa kuzaliana juu ya nyuzi 122 za Selsiasi.

Mfano mashuhuri barani Afrika ni bakteria *Desulforudis audaxviator* wa mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2008. Alikutwa kina cha kilomita 2.8, karibu peke yake, hali iliyo nadra sana kwa kiumbe yeyote. Hidrojeni anayotumia hutokana na mnururisho wa urani mwambani unaopasua molekuli za maji.

Kwa wakazi wa Kagera mfano wa karibu zaidi ni Ziwa Kivu, ingawa ziwa si mwamba. Kina chake hufikia mita 485 hivi, na tabaka za chini hazina oksijeni. Huko arkea huzalisha metani, nyingine kwa kutumia kaboni dayoksaidi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye magma. Metani iliyoyeyuka humo hukadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, Karongi nchini Rwanda, huitumia kufua umeme.