Wageni wa Vuga, wageni wa Lushoto

Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda Milima ya Usambara hadi Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa. Hawakulazwa mjini. Walipewa vibanda vinne vilivyochakaa, chini kidogo ya mji, ambako mgeni alingoja mpaka ipatikane saa njema ya kuingia. Hata wana wa mfalme, anaandika Burton, walilala humo humo. Ukitaka, iite gesti kongwe ya Usambara.

Chakula kilikuwepo. Kimweri aliwatumia dume la ng'ombe, sima na ndizi mbichi. Alikuwa mzee na mgonjwa, akawaomba dawa ya kumrudishia nguvu na ujana. Hawakuwa nayo.

Alifariki 1862. Wakilindi, ukoo wake wa kifalme, wakagombea kiti, na katika vita hivyo Vuga ikateketezwa. Nyumba zake zilikuwa za miti na majani, kwa hiyo anayekwenda huko leo kupitia Soni asitegemee magofu ya mawe kama ya Kilwa. Ataona migomba, ukungu, na mteremko unaoeleza wenyewe kwa nini mtawala alijenga pale: adui yeyote angefika juu akihema.

Wajerumani walikuja na hesabu nyingine: kukimbia joto na malaria ya pwani. Mji wa Lushoto wakaupa jina la Kaisari wao, Wilhelmstal. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905, safari ya kupanda mlimani ikafupika sana. Vugiri, juu ya Korogwe, wakajenga nyumba ya mapumziko kwa Wazungu waliochoshwa na homa. Mshambaa aliingia nyumba za namna hiyo kwa mlango wa jikoni.

Jikoni huko ndiko historia ilikobaki. Pale Irente, nje kidogo ya Lushoto, shamba la Kanisa la Kilutheri hupokea wageni wa kulala, na asubuhi mezani kuna mkate mweusi mzito, jibini laini na jemu ya matunda ya shambani. Wamisionari Wajerumani wa Bethel walianza kazi Mlalo, huku huku milimani, mwaka 1891, na ladha zao hazijahama. Ni kifungua kinywa kizuri, sikatai, ila ndizi za kupika zilistahili sahani yake.

Ukishiba, tembea hadi ukingo wa Irente. Bonde liko karibu mita elfu moja chini yako, na kule tambarare ni Mazinde, alikokaa Semboja, mwana wa Kimweri na adui mkubwa wa Vuga katika vita vile vya kugombea kiti. Hakuutaka mlima. Misafara ya biashara ilipita mlangoni pake, ikamletea bunduki, na kwa bunduki hizo akawashinda waliobaki juu kulinda kiti cha baba yake.