Desturi ya Kupokezana Vitabu

Yako maneno ambayo yamekaririwa katika nchi yetu mpaka yamekuwa kama methali: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kitie ndani ya kitabu. Husemwa barazani, husemwa katika mikutano ya waalimu, na mara nyingine husemwa kwa majivuno na watu ambao wenyewe wamesoma. Mimi nimeyasikia tangu ujana wangu, na kwa muda mrefu niliyakubali. Siku hizi siyakubali tena. Aghalabu anayeyasema hutazama jambo moja tu, yaani mtu aliyeketi peke yake na kitabu chake, kimya, mlango umefungwa. Na asipomwona mtu huyo huhukumu kuwa usomaji haupo. Lakini historia ya watu wetu yaonyesha namna nyingine ya kusoma, ambayo haikuwa ya upweke wala ya kimya. Kitabu kilimfikia mtu kwa sababu mwingine alikuwa amekwisha kukisoma, akamwambia, "Soma hiki." Makusudi ya insha hii ni kufuata nyayo za neno hilo.

Hatuna budi kuanzia pwani. Kabla ya mitambo ya kupiga chapa kufika, tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo, madhali ziliundwa kwa ajili ya lugha nyingine, hazikutosheleza sauti zetu: mara nyingi p iliazima herufi ya b, na v iliazima herufi ya f. Kwa hiyo msomaji aliyeshika karatasi ya utenzi ambao hakuwahi kuusikia alikuwa taabuni. Neno moja aliweza kulisoma kwa njia mbili au tatu, na maana ikampotea. Dawa yake ilikuwa kumwendea mtu aliyekwisha kuusikia utenzi huo ukighaniwa. Ndiyo kusema kwamba karatasi peke yake haikutosha. Ilisafiri pamoja na sauti ya mtu. Wataalamu wengine wamelitaja jambo hili kama upungufu wa hati ile, na kwa hakika ulikuwa upungufu. Hata hivyo upungufu huo uliwafunga wasomaji pamoja, na sijui kama tumewahi kupata kamba nyingine iliyo imara kama hiyo.

Tena kunakili kulikuwa na gharama. Karatasi ilinunuliwa, wino ulitengenezwa, na mwandishi alihitaji siku nyingi za kazi na ujira wake. Mmoja wa wanakili mashuhuri wa mwisho alikuwa Muhamadi bin Abubakari, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kijuma, wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mchongaji wa milango, mwanamuziki na bingwa wa hati nzuri. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walipata kwake nakala nyingi, na baadhi ya kazi za mkono wake zimehifadhiwa leo huko London na Ujerumani. Msomaji afikiri kidogo juu ya hali hiyo. Pale ambapo nakala moja yagharimu siku kadha wa kadha, hakuna atakayenakilisha utenzi ambao hakuna aliyemsifia. Kila nakala ya zamani tuliyo nayo ni ushahidi kwamba wakati fulani mtu alimwambia mwenziwe kuwa maneno haya yafaa kuwa nayo nyumbani.

Mfano ulio bora kupita yote ni Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na mumewe amekwisha kufariki, alimtungia binti yake Mwana Hashima beti 102 za wasia. Yeye mwenyewe hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mashauri yaliyomo juu ya mume na mke yamezua mabishano mengi katika zama zetu, na wako wasomi, hasa wanawake, waliousoma kwa hasira, na wengine waliosema kuwa chini ya maneno ya utii mna werevu wa mama aliyejua dunia ilivyo. Mabishano hayo siyo shughuli yetu hapa. Linalotuhusu ni kwamba wasia huo ulikuwa wa binti mmoja, lakini mtunzi mwenyewe hakuufunga chumbani kwa binti huyo: karibu na mwisho anawaalika wanawake wote wausome. Nao wakausoma. Kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kupigwa chapa, utenzi huo ulitoka nyumba hata nyumba katika pwani ya kaskazini, ukinakiliwa na kukaririwa na wanawake ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Siu na Lamu ziko Kenya kwa mipaka ya leo, lakini beti hazikuijua mipaka hiyo, na vijana wetu wa shule za sekondari wamezisoma kama mali yao pia.

Pamoja na tenzi palikuwa na vitabu vya elimu ya dini na sheria, na juu ya hivi ilikuwapo desturi ya wakfu. Mwenye kitabu aliandika katika kurasa za mwanzo kwamba hakiuzwi wala hakirithiwi, bali ni cha wanafunzi wa mahali fulani. Msikiti wa Riyadha mjini Lamu una hati za namna hiyo, na miongoni mwa waliotoa wakfu vitabu wamo wanawake. Maktaba, kwa maana ya vitabu vya umma, si jambo lililoletwa kwetu na meli.

Mitambo ya chapa iliingia Unguja katika karne ya 19. Misheni ya UMCA ilichapisha vitabu na magazeti madogo, na Sultani Barghash naye akaanzisha kiwanda chake cha kuchapa vitabu vya Kiarabu. Utawala wa Wajerumani ukaleta *Kiongozi* huko Tanga. Sitakaa hapo, kwa kuwa gazeti lililogusa desturi yetu kwa nguvu zaidi ni *Mambo Leo*, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mjini Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, na siasa halikuiruhusu. Lakini wasomaji wana ujanja wao. Makarani, waalimu na wahudumu wa hospitali waliligeuza kuwa uwanja wa mashairi. Mtu wa Tanga aliweza kuuliza fumbo kwa beti, na mtu wa Tabora akamjibu. Shaaban Robert mwenyewe, akiwa karani wa forodha, alipeleka mashairi yake humo kabla jina lake halijawa kubwa. Nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi ambao hawakujua herufi. Anayehesabu nakala zilizouzwa peke yake, kisha akasema wasomaji walikuwa wachache, amehesabu sufuria akasahau walaji.

Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo ilichapisha vitabu, ikapeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha wengine kwa njia ya posta. Idara hiyo ndiyo iliyoendesha mashindano ya uandishi yaliyompa ushindi Mohamed Said Abdulla wa Unguja, na kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale* kikatoka mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko aliyemo humo, alipata wapenzi wengi. Kisha tukapata Uhuru. Sheria ya kuunda Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Jengo lile lilikuwa fahari, na bado ni fahari. Ila ukutani paliandikwa neno ambalo huandikwa katika maktaba zote za ulimwengu: Kimya. Sisemi kuwa amri hiyo ni mbaya. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani yampasa kupata utulivu. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kusoma kwa kuuliza, kucheka na kubishana, alipoingia humo alijiona mgeni.

Ajabu ni kwamba katika miaka iyo hiyo taifa letu lilikuwa likiandaa jambo lililokuwa kinyume kabisa cha kimya. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Wilaya chache, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zilitakiwa kuufuta ujinga kwanza. Kisha kampeni ikaenea nchi nzima. Kufikia mtihani wa taifa wa mwaka 1975 walikuwa wameandikishwa zaidi ya watu milioni 5, na wasiojua kusoma wakashuka hadi asilimia 39. Mwaka 1981 walikuwa asilimia 21. Tarakimu hizi zimetajwa mara nyingi katika hotuba, lakini hazituambii watu hawa walisoma nini, wala walisoma vipi.

Hapo ndipo kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973 inapostahili kutazamwa kwa karibu. Kwa muda wa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi, shuleni, chini ya miembe, katika ofisi za TANU, wakafungua redio. Kipindi kilipokwisha, kiongozi wa kikundi alichukua kitabu cha kampeni na kusoma kwa sauti sehemu ya juma hilo: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Kisha watu wakajadili. Je, hapa kwetu maji twayateka wapi? Nani ana choo na nani hana? Mwisho wakaamua la kufanya kabla ya juma lijalo. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa wapata 75,000, na walioshiriki wakakadiriwa kuwa milioni 2, nao ni mara mbili ya waliotazamiwa. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Miaka miwili baadaye ikafuata *Chakula ni Uhai*.

Wengi wameiandika kampeni hiyo kama habari ya afya, au ya redio. Mimi naiona pia kama kitabu kimoja kilichosomwa na taifa zima kwa wakati mmoja, kila mtu akijua kuwa jirani yake yuko katika ukurasa huo huo. Bibi aliyejifunza herufi mwaka uliotangulia alimsikiliza kijana akisoma, akafuatisha kwa kidole. Hakuna aliyemwona kuwa si msomaji. Na mbona mfano wenyewe ulikuwa wa kale? Kijana yule na redio ile walishika mahali pa mghani wa utenzi.

Sitaki kuipamba habari hii kupita kiasi. Kampeni zilikwenda pamoja na amri, na katika baadhi ya mahali mtu alihudhuria kwa kuogopa faini. Tena maktaba za kata, zilizofunguliwa kwa maelfu ili wasomaji wapya wasisahau, zilipewa vitabu vichache, na vingi vilikuwa vya kilimo na ufugaji. Hatimaye ikaja shida ya miaka ya 1980. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilikata karatasi. Vitabu vilichakaa bila kupata badala, na kabati nyingi zikafungwa kwa kufuli ili zisiibiwe, yaani zikafungwa ili zisisomwe.

Kupokezana, hata hivyo, hakukufungwa. Riwaya za upelelezi kama *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla na *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba zilipita mabwenini na kambini mpaka majalada yakatoka, na kurasa za mwisho zikapotea, ikabidi msomaji aulizie mwisho wa hadithi kwa aliyemtangulia. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na marufuku hiyo ikawa sifa kubwa kuliko tangazo lolote la duka. Baadaye kitabu hicho hicho kikaingizwa katika orodha ya vitabu vya kufundishia, na nasikia wanafunzi wakaanza kukikimbia!

Miaka iliyopita nilipata nafasi ya kuingia katika chumba kilichokuwa maktaba ya kata. Vitabu vilikuwa vimebaki kama 40, vimeliwa na mchwa. Lakini daftari la kuazimia lilikuwapo, limeandikwa kwa kalamu ya risasi: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Kitabu kimoja cha ufugaji wa kuku kilikuwa kimechukuliwa mara 19. Mzee aliyenifungulia mlango aliyatazama majina yale, akaanza kunionyesha kwa mkono kupitia dirishani: huyu alikaa pale kwenye mwembe, huyu nyumba inayofuata, huyu ng'ambo ya kijito, na huyu ni mkwewe. Majina yalikuwa yamefuatana kama nyumba zilivyofuatana. Mbele ya jina la mwisho hapakuandikwa tarehe ya kurudisha. Nilimwuliza mzee kama kitabu hicho kilipotea. Akaniambia hakikupotea, kiko kwa watu.