Kipimo cha Ufundishaji wa Kiingereza katika Vyuo Vikuu vya Butembo na Beni

Programu ya lugha haiwezi kutathminiwa kwa haki pasipo kuuliza kwanza ilianzishwa kwa ajili gani. Huko Butembo na Beni, katika Kivu Kaskazini, swali hilo lina majibu zaidi ya moja, kwani mafunzo ya Kiingereza yaliingia katika elimu ya juu kwa vipindi na makusudi mbalimbali.

Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, muungano uliodumu hadi 1981. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kifaransa. Katika taasisi za juu za ualimu, Kiingereza kilikuwa fani ya kuwaandaa walimu wa sekondari. Mwaka 1989 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Kwa mwanafunzi wa utabibu, sheria au kilimo, haja ya Kiingereza ni nyingine: kusoma maandishi ya taaluma yake. Mwaka 2007 kikafuata Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili mjini Beni, ambacho jina lake lenyewe latangaza kusudi la tatu: kusomea kwa Kifaransa na kwa Kiingereza pia.

Basi mtihani mmoja wa sarufi hauwezi kuwapima mwalimu mtarajiwa, msomaji wa taaluma na mwanafunzi wa lugha mbili. Kila mmoja apimwe kwa kazi aliyoandaliwa kuifanya.

Aidha, tathmini haina budi kuzingatia lugha ambazo mwanafunzi huja nazo. Kwa wengi, Kinande ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni na Kifaransa ni cha shuleni. Kiingereza huja cha nne. Mwanafunzi amwitapo mwanamke “he”, kosa hilo halitokani na Kifaransa, ambacho hutenganisha “il” na “elle”. Chanzo chake ni lugha za Kibantu, ambamo neno kama “yeye” humtaja mume na mke sawia. Mwalimu anayelinganisha Kiingereza na Kifaransa pekee atalisahihisha kosa bila kuugusa mzizi wake, na mtahini atamhesabia mwanafunzi uzembe asiokuwa nao.

Jambo hili limezidi uzito tangu Kongo ilipojiunga kikamilifu na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 2022. Mkataba wa Jumuiya hiyo wa mwaka 1999 ulikifanya Kiingereza lugha rasmi, na ukataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Mhitimu avukaye mpaka wa Kasindi kuingia Uganda hataulizwa alama zake. Ataulizwa neno, naye atatakiwa kujibu. Programu itakayomwezesha kujibu, ikikitumia Kiswahili chake kuwa daraja badala ya kukihesabu kikwazo, ndiyo itakayostahili kuitwa bora.