Mkanda wa Bunduki: Kutoka Begani mwa Askari Hadi Porini

Mwindaji hufunzwa kwanza kujua mdomo wa mtutu unaelekea wapi. Mkanda wa bunduki huweza kumsahaulisha funzo hilo. Silaha ikishaning'inia begani, mikono hupumzika na macho huacha kuifuata. Hatari hiyo ina historia yake.

Mkanda ulianza kama kifaa cha jeshi. Askari wa miguu wa Ulaya katika karne ya 18 walitembea mwendo mrefu na magobori mazito, wakahitaji kuyatundika. Baadaye jeshi la Marekani lilitoa mkanda wa ngozi wa M1907, wenye vipande viwili na ndoano za shaba. Huo haukuwa wa kubebea tu: mlengaji aliukaza kwenye mkono, juu ya kiwiko, na bunduki ikatulia. Ulitumika katika vita vyote viwili vya dunia, na wawindaji wakauiga.

Afrika Mashariki ilikuwa na desturi nyingine. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa kuwinda Aprili 1909, silaha zake zilichukuliwa porini na wabeba bunduki. Mabega ya Waafrika ndiyo yaliyofanya kazi ya mkanda, na hatari ilikuwa ileile: aliyemfuata mwindaji huku mtutu ukitazama mbele aliuelekeza kwenye mgongo wa tajiri wake.

Wawindaji waliobeba wenyewe walizoea kutundika bunduki bega la kushoto, mtutu chini, mkono wa kushoto ukiushika. Mtindo huo Wamarekani wameupa jina la Afrika. Faida yake ni kwamba bunduki huinuliwa upesi na mtutu haunasi matawi. Lakini aliyechuchumaa au kuteleza huweza kuuchomeka kwenye tope, na mtutu ulioziba huweza kupasuka risasi ikipigwa. Bunduki ikibebwa mtutu juu, mtu akiinama kupita chini ya tawi, mtutu humwelekea aliye mbele yake.

Ajali ndizo zilizoleta mafunzo rasmi. Mwaka 1949 jimbo la New York liliwalazimisha wawindaji vijana kusoma usalama wa silaha. Masomo ya aina hiyo husisitiza jambo moja: kabla ya kuruka uzio, kuvuka korongo au kupanda mti, toa risasi, kwa kuwa mkanda hauizuii bunduki kufyatuka.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania bado inauruhusu kwa leseni, kwa hiyo mafunzo haya yanatuhusu. Kabla ya kuondoka kambini, kagua vikuku vinavyoshika mkanda, maana kimoja kikikatika bunduki huanguka. Tembea bila risasi kwenye chemba mpaka mnyama awe karibu. Ukiingia kichaka kizito, vua mkanda begani na uishike bunduki kwa mikono miwili. Mkanda hubeba uzito tu. Dhamana ya mtutu ni ya mwindaji.